Chajio cha haraka kina mwenyewe
Na Karimi Njeru

Mapishi ya nusu saa yanayopendwa na majarida yetu huanza na kuku aliyekwisha kukatwa vipande, krimu, na pilipili hoho za rangi tatu. Mtu anayeshuka matatu Makutano mjini Meru saa moja jioni, au anayeingia mtaa wa Dallas kule Embu, ana kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizoanza kulegea, viazi vinne na watoto wanaouliza tunakula nini. Kuku hayumo kwenye hesabu.

Hata hivyo watoto hao hawalali njaa. Njiani yuko mama mwenye sufuria kubwa juu ya makaa. Anakupimia githeri iliyokwisha kuiva kwa kikombe au kwa mkebe wa kasuku, na mama mboga wa pembeni anakukatia sukuma huku mkizungumza. Ukifika nyumbani kazi iliyobaki ni kukaanga kitunguu. Kisha jirani anakusifu kwamba una mkono mwepesi jikoni.

Sifa hizo zimekosea njia. Anayestahili kusifiwa ni yule aliyewasha jiko adhuhuri.

Mahindi makavu na maharagwe ya githeri hayajui haraka, na huku kwetu milimani hali ni ngumu zaidi. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa, kwa hiyo punje huchelewa kulainika. Panda hadi Kibirichia uone zinavyozidi kuchelewa. Na kama maharagwe yalikaa ghalani miezi mingi yakipigwa joto na unyevu, yanakuwa sugu kiasi kwamba unayachemsha mpaka watoto wasinzie. Githeri inaweza kumaliza muda wa saa tatu motoni. Julai 2021 gesi ya kupikia ilianza kutozwa VAT ya asilimia 16. Kodi hiyo ilipunguzwa mwaka uliofuata, ikaondolewa Julai 2023, lakini nani bado ana moyo wa kumalizia mtungi wa kilo sita kwenye maharagwe?

Wapo watakaoniambia ninunue sufuria ya presha. Ni chombo kizuri, mwenye nazo na anunue.

Sasa tuseme githeri ipo na unataka kupika mukimo. Menya viazi, na kama ni Shangi una bahati, maana huiva upesi. Ongeza ndizi mbichi tatu nne. Jipake mafuta mikononi kabla ya kuzimenya ili utomvu usikugande, na uzitumbukize kwenye maji yenye chumvi zisigeuke nyeusi. Vyote vichemke pamoja, maji yafunike tu. Vikikaribia kuiva, tupia majani ya malenge yaliyotolewa nyuzi na kukatwakatwa, kisha githeri. Mimina maji ya ziada kwenye kikombe, usiyamwage, kwa sababu mukimo ukikauka utayahitaji. Ponda kwa mwiko. Kitunguu kilichokaangwa kikawa hudhurungi kimwagiwe juu pamoja na mafuta yake. Mama mkwe wangu, mtu wa Runyenjes, hataki kusikia ndizi ndani ya mukimo. Mimi niliyelelewa Nkubu nasema bila ndizi hivyo ni viazi vilivyopondwa tu. Kwa hilo hatutapatana, na kila mmoja hula sahani yake akanyamaza.

Kinachobaki kinakatwa vipande asubuhi, kinakaangwa, kinanywewa chai. Githeri ya ziada iweke kavu, bila nyanya wala kitunguu, maana iliyoungwa huchacha mapema. Asiye na friji aichemshe tena kabla ya kulala na tena asubuhi.

Siku ambayo sufuria ya barabarani imeisha, tegemeo ni ndengu za Mbeere au Tharaka. Hazidai kulowekwa, na zikipata wali wa Mwea mnakula kabla ya taarifa ya habari ya saa tatu.

Najua lawama zinazotupiwa githeri ya kununua, na baadhi ni za kweli. Kuna wanaotia magadi ili iive haraka, nayo magadi huharibu vitamini B1. Kubwa kuliko hiyo ni kwamba ukiipata imeiva hukuona mahindi yalivyokuwa. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini iliua watu 125 mashariki mwa nchi, wengi wao Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyoshika ukungu. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, hata ukichemsha kutwa nzima.

Ndiyo maana nashangaa kwamba mara nyingi afisa anayemfikia mama wa githeri ni yule wa kumwambia aondoe jiko lake kando ya barabara. Kaunti zetu mbili, Meru na Embu, zina maafisa wa afya ya umma na zina maafisa wa kilimo. Wangepita kwa wachuuzi hawa kukagua mahindi na maharagwe kabla hayajaingia sufuriani, wangewakinga walaji wengi kwa mpigo mmoja, kuliko kutegemea kila mmoja wetu achambue punje zake gizani. Na kwa kuwa biashara yake hushika kasi jua likizama, anahitaji taa, bomba la maji safi na paa la kumkinga mvua ya Aprili. Soko linalofungwa saa kumi na mbili halimfai yeye wala mteja wake, ambaye wakati huo bado yuko ndani ya matatu.

Wanasiasa wetu hupenda kupigwa picha wakila githeri wakati wa kampeni. Basi bajeti ya kaunti ikifika kwenye hatua ya maoni ya umma, mlio soko la Gakoromone mjini Meru na mlio soko la Embu, nendeni mkadai mambo hayo manne kwa majina yake: taa, maji, paa, ukaguzi wa mahindi. Na jioni ya leo ukipita kwa mama, beba chombo chako mwenyewe, umlipe bila kumpunguzia.