NILIKATAA KUOMBEA VISA



Majuzi ndugu mmoja na mkewe walikuja ofisini baada ya ibada ya pili, wamebeba bahasha. Ndani mlikuwa na pasipoti nne. Walitaka nizipake mafuta na kuombea visa ya Dubai. Watoto wao wana miaka 5 na 3, na Desemba hii walipanga kuwapeleka siku sita kwenye zile bustani kubwa za michezo, Dubai na Abu Dhabi.

Niliuliza swali moja tu: "Pesa ni za nani?"

Kimya. Kisha mama akasema polepole, "Ni za sacco, Pasta."

Sikuzipaka mafuta.

Tangu siku hiyo maneno yamezunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya ushirika. Pasta ana wivu. Pasta anafundisha umaskini. Pasta hataki watoto wa wengine wafurahi. Wenyewe wawili wameniruhusu nieleze bila kuwataja majina, kwa hiyo leo najibu hadharani. Na wewe unayesoma, usianze kumfikiria jirani yako. Kama hujawahi kuota Dubai, weka jina la mahali unapopaota wewe. Hesabu ni ileile.

Kwanza, niwaondoe njiani wale wanaonipongeza kwa sababu isiyo sahihi. Kuna mzee mmoja alinipigia simu akasema, "Umefanya vyema, Pasta, michezo ni udunia." Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hapo siko nawe. Nabii Zekaria, sura ya 8 mstari wa 5, alipoonyeshwa Yerusalemu iliyorejeshwa na Bwana, aliona nini barabarani? Aliona wavulana na wasichana wanacheza. Mji uliobarikiwa una kelele za watoto! Na Paulo anamwambia Timotheo, 1 Timotheo 6:17, kwamba Mungu hutupa vitu kwa wingi tuvifurahie. Nyumba ambayo baba anajua kukemea tu na hajui kucheka, watoto wataikimbia, na siku moja watalikimbia na kanisa lake.

Nakwenda mbele zaidi. Fungua Kumbukumbu la Torati 14, kuanzia mstari wa 22. Wengi tunaisoma tukitafuta fungu la kumi, tukilipata tunafunga Biblia. Endelea hadi mstari wa 26. Mungu anawaagiza Israeli watenge sehemu ya mavuno, na kama safari ni ndefu waigeuze kuwa fedha, waifunge mkononi, waende mahali alipopachagua, wanunue chochote roho inachotamani, wale, wafurahi mbele zake, wao na watu wa nyumbani mwao. Hiyo ni likizo ya familia, mpendwa! Imo katika Torati.

Lakini angalia mpangilio. Shamba limelimwa kwanza. Limevunwa. Limehesabiwa. Fedha iko mkononi, imefungwa. Ndipo safari inaanza. Hakuna Mwisraeli aliyeambiwa aende kukopa ng'ombe wa jirani ili akafurahi mbele za Bwana.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sina vita na bembea. Nina vita na mkopo unaovaa nguo ya baraka.

Tuhesabu pamoja, maana Yesu mwenyewe katika Luka 14:28 anasema mjenzi wa mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Ndugu yetu alitaka kukopa shilingi 480,000. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kulipa kwa miezi 36. Hiyo ni karibu shilingi 16,000 kila mwezi kutoka kwenye mshahara. Mwisho wa yote atakuwa amelipa takriban 574,000. Riba peke yake ni karibu 94,000.

Sasa weka umri wa mtoto juu ya hesabu hiyo. Yule mdogo atapanda ndege akiwa na miaka 3. Deni likiisha ana miaka 6, yuko Gredi ya 1, na baba bado analipia siku sita ambazo mtoto hazikumbuki. Wataalamu wa kumbukumbu wanatuambia watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi. Jaribu wewe mwenyewe: unakumbuka nini cha ulipokuwa na miaka 3?

Mama alinijibu vizuri hapo, na namheshimu kwa jibu hilo. Alisema, "Pasta, hata uji tuliowanywesha hawaukumbuki, lakini uliwajenga." Ni kweli! Furaha ya mtoto haipotei kwa sababu ameisahau. Na zipo bustani zilizotengenezewa wadogo. Legoland ya Dubai, iliyofunguliwa 2016, imelenga watoto wa miaka 2 hadi 12. Sikatai. Lakini, dada yangu, uji hauna riba. Uji haukutafutiwa wadhamini wanne.

Wadhamini. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo ninapoungama.

Desemba 2013 nilikuwa msaidizi wa mchungaji, nimetoka chuo cha Biblia miaka michache tu. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanaweka picha Facebook, huyu ufukweni, huyu hotelini. Binti yangu alikuwa na miaka 5, kijana wangu 2. Nikasema na sisi ni watoto wa Mfalme. Nikakopa shilingi 60,000 kwenye chama, tukaenda Mombasa siku nne, hoteli yenye bwawa na mabomba makubwa ya kuteleza majini. Mdhamini wangu alikuwa mama mmoja mjane wa kanisani kwetu, fundi wa nguo. Alitia sahihi bila kuuliza swali. Nani angemuuliza mtumishi wa Mungu swali?

Tulirudi. Januari ikaja na karo, sare, kodi ya nyumba. Nikakosa kulipa mwezi wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wakati huohuo mtoto wa yule mama aliitwa Kidato cha Kwanza. Alipokwenda kwenye chama kuomba mkopo, akaambiwa akiba yake imefungwa na deni la pasta. Alikuwa na cherehani mbili. Akauza moja.

Hakunilaumu. Jumapili iliyofuata alinisalimia mlangoni, "Bwana asifiwe, Pasta," kama siku zote. Nilijua habari ya cherehani baadaye, kwa mtu mwingine. Nilikwenda kwake nikapiga magoti, nikalipa deni, na ikanichukua karibu mwaka mzima kumrudishia cherehani. Lakini mwaka huo alishona kwa mashine moja, kwa sababu mimi nilitaka picha.

Sasa unajua kwa nini naliuliza swali la "pesa ni za nani". Ukikopa kwenye sacco au chama, pesa hiyo ni akiba ya watu. Ukishindwa kulipa, wanakatwa wao. Hata kabla hujashindwa, akiba waliyokuwekea dhamana inaweza kuwazuia wasikope siku mtoto wao atakapougua. Mithali 6 inamwonya mdhamini ajiokoe kama paa mikononi mwa mwindaji. Basi kama mdhamini ni paa, wewe mkopaji ni nani? Usiwe mwindaji wa rafiki yako kwa ajili ya bembea.

Na unajua binti yangu anakumbuka nini? Sasa ni msichana mkubwa, yuko sekondari. Mwaka jana nilimuuliza habari za Mombasa. Nilitarajia bahari. Nilitarajia bwawa. Akafikiri, akasema, "Nakumbuka wewe na Mama mlikuwa mnagombana kwa sauti ya chini bafuni. Mlidhani tumelala." Tulikuwa tunagombania pesa, siku ya tatu. Hiyo ndiyo kumbukumbu niliyomnunulia kwa shilingi 60,000.

Najua majibu mnayonitayarishia. Tuyapitie.

"Pasta, Mathayo 7 inasema wazazi huwapa watoto wao vitu vyema." Amina. Soma tena mtoto aliomba nini. Mkate. Samaki. Baba akampa alichoomba. Mtoto wako wa miaka 3 hajaomba Dubai, hajui Dubai iko wapi. Anaomba umbebe mabegani. Anaomba uweke simu chini. Walt Disney, mwanzilishi wa Disneyland iliyofunguliwa California mwaka 1955, alieleza kwamba wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi akiwatazama binti zake wakizungushwa kwenye farasi wa bembea. Akaona pangefaa pawe mahali ambapo wazazi na watoto wanacheza pamoja. Pamoja! Mtu aliyeianzisha Disneyland alikuwa amechoka kukaa kwenye benchi. Wewe unataka kukopa nusu milioni ukakae kwenye benchi ya mbali, ukipanga picha za stetasi.

"Pasta, hii ni hatua ya imani." Hapana. Na hapa nasema na watumishi wenzangu tunaosimama madhabahuni: sisi ndio tumewafundisha hivi. Tumewaambia watu watamke, wapande mbegu, wadai ndege na visa. Mtu akirudi anashuhudia, "Mungu amenitendea," na kanisa linapiga vigelegele, kumbe aliyetenda ni sacco. Huo ni ushuhuda wa uongo, mpendwa. Unampa Mungu utukufu wa Desemba halafu unamlaumu Yeye Februari. Mithali 22:7 inasema anayekopa ni mtumwa wa aliyemkopesha. Huwezi kuuita utumwa upenyo.

"Pasta, watoto wa wenzetu wanakwenda, wetu wataonekana wanyonge." Wataonekana na nani? Mtoto wa miaka 5 hajui unyonge mpaka aambiwe. Yosefu na Mariamu, walipomleta Yesu hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili, sadaka ambayo Torati iliwaruhusu wasio na uwezo wa mwana-kondoo. Luka 2:24, linganisha na Walawi 12:8. Lakini mstari wa 41 unasema kila mwaka walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu, na mstari wa 44 unaonyesha walisafiri na jamaa na rafiki zao. Familia ya kipato cha chini ilikuwa na safari yake ya kila mwaka! Walikwenda kwa kiwango chao, pamoja na watu wao, kwa jambo lililokuwa na maana. Hiyo iko ndani ya uwezo wako leo.

Basi tufanye nini? Kama una pesa, imevunwa, karo ya Januari imetengwa, wazazi wako mashambani hawalali njaa, na hakuna aliyekudhamini, nenda. Nenda Dubai, nenda Diani, na asikuhukumu mtu yeyote. Mtoto akicheka, Mungu anatukuzwa. Nitakuombea hadi uwanja wa ndege.

Kama huna, anza kuvuna. Ndugu yetu alikuwa tayari kukatwa 16,000 kila mwezi kwa miaka mitatu. Nilimwambia, weka 10,000 tu. Kwa miezi 48 utakuwa na 480,000 zilezile, bila riba, bila mdhamini. Watoto watakuwa na miaka 9 na 7. Kwenye michezo mikubwa kuna kipimo cha kimo mlangoni, na mtoto asiyefikia anarudishwa. Wakati huo watakuwa karibu zaidi kukifikia. Watajua wanakwenda wapi. Watakuwa wameiona akiba ikikua, labda wao wenyewe wametia sarafu zao. Hilo ni somo ambalo bustani haiuzi.

Na Desemba hii usikae bure. Wapelekeni Menengai asubuhi, mkatazame lile shimo la volkano, mbebe chapati na chai ya chupa. Wapelekeni Nyayo Gardens siku ya sikukuu, wachorwe uso, waruke kwenye zile nyumba za upepo. Wapelekeni kwa nyanya yao, kwa maana Kumbukumbu 14 mstari wa 27, baada tu ya karamu, unasema usimwache Mlawi aliye malangoni pako. Sisemi hivyo nijipigie debe! Nasema kila furaha ya kimungu ina mtu wa kukumbukwa malangoni. Kumbukumbu 6:7 inasema uzungumze na watoto uketipo nyumbani na uendapo njiani. Njiani, mzazi. Hata njia ya kwenda kwa nyanya ni njia.

Mnauliza wale wawili waliamua nini. Mama ameirudisha fomu ya mkopo. Baba bado amenikasirikia. Jumapili alitokea mlango wa nyuma ili tusisalimiane. Ndugu yangu, najua unasoma hapa. Sikukunyima baraka. Wadhamini wako wanne nawajua, wawili wana watoto shuleni, na mmoja wao ni fundi wa nguo. Nilipouona mstari ule wenye jina lake, mkono wangu haukuweza kushika chupa ya mafuta. Mlango wa ofisi uko wazi. Siku utakapokuja na fedha imefungwa mkononi mwako, nitazipaka zile pasipoti hadi zing'ae.

Tuombe. Baba, tusamehe sisi tuliowatwika wengine mizigo ili tuonekane tumebarikiwa. Wakumbuke wadhamini wanaokatwa kimya kimya. Tufundishe kufurahi na watoto wetu kwa kile ulichotupa, kabla hawajakua. Katika jina la Yesu.

Kama una mtu aliyekudhamini, kabla hujaandika Amina hapa chini, mpigie simu kwanza. Mwambie deni limefikia wapi. Kisha rudi uandike Amina.