Dawa ya Picha ya Moyo Ilijaribiwa kwa Nani?

Mfanyabiashara wa Namanga au Mutukula anajua kuwa mzigo haupiti kwa maneno matupu. Afisa anataka karatasi: nani alikagua, alikagua nini. Lakini dawa anayochomwa mwanawe kabla ya picha ya moyo haiulizwi hivyo, ingawa nayo ina karatasi zake.

Mtoto mwenye tundu la moyo, awe Mulago au Muhimbili, huanza na eko, yaani picha ya ultrasaundi. Mara nyingi haihitaji dawa yoyote. Picha ikiwa na ukungu, hospitali zenye uwezo zinaweza kuingiza mshipani dawa ya viputo vidogo kuliko chembe nyekundu za damu, ili kuta za moyo zionekane.

Mojawapo, ya gesi ya sulfa heksafloraidi, iliruhusiwa Marekani mwaka 2014 kwa moyo wa watu wazima. Watoto walingoja hadi 2019. Utafiti uliowafungulia mlango ulikuwa na watoto 12 tu, wa miaka 9 hadi 17. Ushahidi mwingine uliazimwa kwa wakubwa.

Watoto 12 wanaweza kuonyesha kwamba picha inang'aa. Hawawezi kufichua dhara linalompata mmoja kati ya maelfu, na karatasi ya dawa hiyo yenyewe inaonya kuhusu madhara makali ya moyo na mapafu, mengi yakitokea ndani ya dakika 30 za mwanzo.

Watasema wagonjwa watoto ni wachache, na kungoja maelfu ni kuwatibu gizani. Ni kweli. Basi dawa iendelee kupimwa ikiwa tayari inatumika, kwa taarifa za kila mtoto aliyedhurika. Hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kazi. Tangu 2012 ina mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, na wataalamu wa nchi wanachama hutathmini maombi kwa pamoja. Tathmini hiyo iseme wazi: watoto wangapi, umri gani. Na mtoto akivimba uso Kampala, taarifa ifike Dar es Salaam na Nairobi upesi kama bei ya mahindi inavyofika.

Mzazi naye, kabla ya kusaini, aulize dozi imepigwa kwa uzito wa mtoto au la, na nani atabaki naye nusu saa ile. Akivuka mpaka, abebe jina la dawa pamoja na CD ya picha.