Betri iliyofufuliwa: bei nusu, je, nafuu ni ya mnunuzi au ya muuzaji?

Saa kumi na moja alfajiri dereva wa bajaji anazungusha ufunguo. Stata haizunguki, inasikika "tik, tik" basi. Betri imekata. Hela ya betri mpya hana, na bosi anataka hesabu yake jioni kama kawaida.

Fundi wa jirani ana jibu. Anatoa betri iliyopakwa rangi, inang'aa, stika mpya juu yake. "Hii imefufuliwa, kama mpya tu." Bei yake ni nusu ya mpya.

Uamuzi wa namna hii unafanyika kila siku Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, na kwenye vibanda vya mafundi betri karibu kila mji. Wanaofika hapo ni wenye magari, wenye bajaji, vinyozi wanaotumia sola, na familia zinazotaka taa na TV umeme ukikatika.

Swali wanalouliza wengi ni moja: bei gani? Swali linaloamua kama mtu ameokoa hela au ameliwa ni jingine: itafanya kazi miezi mingapi, na ikifa mapema hasara ni ya nani?

Kufufua ni nini hasa?

Neno ni moja, kazi ni tatu tofauti. Hapo ndipo mchezo unapoanzia.

Ya kwanza ni kuchaji na kusafisha tu. Betri haikuwa mbovu, iliachwa imeisha chaji. Inachajiwa, inafutwa, inapakwa rangi, inauzwa.

Ya pili ni kuondoa sulfeti. Betri ya asidi ikikaa bila chaji, pleti zake hujengeka chembe ngumu za sulfeti ya risasi, yaani ile metali nzito iliyomo ndani. Chembe hizo zikizidi, betri haipokei chaji vizuri. Kuichaji polepole kwa muda mrefu, au kutumia chaja maalumu, kunaweza kuyeyusha sehemu yake. Hii ni kazi halali na inasaidia, kama tatizo lilikuwa hilo.

Ya tatu ni kufungua betri na kubadilisha kilichokufa ndani: pleti, seli au moduli nzima.

Lakini kuna ugonjwa usiofufuliwa kwa chaja yoyote. Pleti zilizoliwa na kutu hazirudi. Unga wa pleti uliodondoka chini ya betri haupandi tena juu. Mnunuzi anayeambiwa "imefufuliwa" bila kuambiwa imefanywa nini, bado hajaambiwa kitu.

Ulaya wameamua kulibana neno hili kisheria. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inasema betri haiwezi kuitwa imeundwa upya kiwandani mpaka uwezo wake urudi angalau asilimia 90 ya ule wa awali, na seli zake zisipishane hali kwa zaidi ya asilimia 3. Kuanzia Februari 18, 2027, betri za magari ya umeme zinazoingia soko hilo zitatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali inayoonyesha taarifa zake.

Dereva wa bajaji hahitaji pasipoti. Anachoweza kuchukua kutoka kwenye sheria hiyo ni swali moja la kumuuliza muuzaji: uwezo wake umerudi asilimia ngapi, na umepimaje?

Hesabu ya kila mwezi

Tuchukue namba za mfano, kila mtu aweke za mtaani kwake. Betri mpya Sh240,000, iliyofufuliwa Sh110,000. Zote zikifa zinauzwa skrepa kwa Sh30,000, maana risasi iliyomo ndani haipotei.

Mpya ikidumu miezi 30, gharama halisi ni Sh210,000. Ukigawa, ni Sh7,000 kwa mwezi.

Iliyofufuliwa gharama yake halisi ni Sh80,000. Ikidumu miezi minane, ni Sh10,000 kwa mwezi. Yaani ile ya bei rahisi imekuwa ghali zaidi.

Ili ilingane na mpya, lazima ifike karibu miezi 11 na nusu. Ikivuka hapo, mnunuzi amepata. Ikifa kabla, amepigwa, na hapo bado hajahesabu siku aliyolaza chombo, hela ya kumwita fundi na abiria waliokwenda kwa mwenzake.

Joto linaifanya hesabu iwe ngumu zaidi ukanda wa pwani. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa betri za asidi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25, umri wa betri unapungua kwa karibu nusu. Betri iliyokwisha kuchoka, ikiwekwa chini ya boneti Dar au Mombasa, haina akiba kubwa ya kuvumilia.

Kwa hiyo anayesema "yangu ilidumu mwaka mzima" anaweza kuwa mkweli kabisa. Tatizo ni kwamba betri mbili zilizofufuliwa na fundi mmoja, siku moja, zinaweza kupishana mbali sana, kwa sababu historia zake ni tofauti. Mnunuzi ananunua historia asiyoijua.

Kwa nini watu bado wananunua?

Jibu jepesi ni kwamba hawajui. Jibu la kweli ni kwamba wengi wanajua, ila hawana Sh240,000 kwa mpigo.

Mtu anayeingiza hela ya siku kwa siku hachagui kati ya Sh7,000 na Sh10,000 kwa mwezi. Anachagua kati ya kufanya kazi leo na kukaa nyumbani. Kwake betri iliyofufuliwa ni kama mkopo: anapata chombo kinachowaka leo, riba anailipa betri ikifa mapema.

Ukiitazama hivyo, ushauri wa "nunua mpya tu" hausaidii mtu. Kinachosaidia ni kupunguza bahati nasibu. Na hilo linawezekana kwa mita ya bei ndogo na maswali machache.

Vipimo ambavyo muuzaji asivikwepe

Volti baada ya kupumzika. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikikaa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, husoma kama 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 iko karibu nusu. Ikisoma karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba seli moja kati ya sita imekufa. Hapo hakuna mazungumzo.

Angalizo: betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi inaweza kusoma 13 na kuonekana nzima. Ni chaji ya juu juu. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, pima tena.

Volti wakati wa kupiga stata. Mita ikiwa kwenye betri, gari liwashwe. Volti zitashuka, hiyo ni kawaida. Zikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, betri ni dhaifu, au stata yenyewe ina matatizo. Jaribu gari hilo hilo kwa betri nzima ili kutenganisha.

Rangi ya maji. Kwa betri zinazofunguka vifuniko, maji yawe meupe. Yakiwa ya kahawia au machafu, pleti zinamomonyoka.

Umbo na vichwa. Betri iliyovimba, iliyopasuka na kuzibwa kwa gundi, au yenye vichwa vilivyogongwa na kuchongwa, iachwe. Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye plastiki. Kama imekwanguliwa au imefunikwa na stika, muulize muuzaji kwa nini.

Kipimo cha sola. Huyu haitaji nguvu ya kuzungusha stata, anahitaji saa nyingi za mwanga. Kwa betri iliyoandikwa Ah 100, balbu ya volti 12 ya wati 60 inakula ampea 5. Betri nzima iliyojaa inatakiwa kuiwasha kwa kama saa 20 kabla ya kushuka hadi volti 10.5. Ikifika hapo baada ya saa 10, umeuziwa nusu betri. Kazi hii aifanye muuzaji dukani kwake na aandike matokeo, kwa sababu kuishusha betri hadi chini mara kwa mara kunaiua.

Na ujanja mmoja wa kuuangalia: kuongeza asidi kali badala ya maji ya betri yasiyo na asidi. Kipimo cha maji kinapanda, betri inachangamka siku chache, huku pleti zinaliwa haraka zaidi.

Magari ya haibridi na betri za lithiamu

Kwenye haibridi dau ni kubwa. Betri ya Toyota Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28, jumla volti 201.6. Ya Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza ina moduli 20, volti 144. Fundi akibadilisha moduli mbili zilizokufa, gari linarudi barabarani na taa ya onyo inazimika.

Lakini moduli nyingine zilizobaki zina umri ule ule. Baada ya muda mfupi ya tatu inaanguka, halafu ya nne. Kazi nzuri ni ile ambayo kila moduli imepimwa na zimepangwa zinazolingana. Kazi mbaya ni kuziba tundu moja moja. Na kwa volti 200, hii si kazi ya kujaribu nyumbani.

Upande wa lithiamu, soko limejaa seli ndogo za duara zilizotolewa kwenye betri za laptopu, zikavishwa ngozi mpya na kuuzwa kwa ajili ya pawabenki, tochi na sola ndogo. Ukiona seli ya aina ya 18650 imeandikwa mAh 9,900, huo ni uongo wa wazi. Seli za kawaida za ukubwa huo huishia karibu mAh 3,500. Mwenye stika ya uongo ana sababu ya kudanganya mengine pia.

Kwa betri ya simu, kanuni ni fupi zaidi: ikivimba haifufuliwi. Kuitoboa au kuibana irudi bapa ni kucheza na moto, na hapa moto si mfano wa maneno.

Gharama ambayo haipo kwenye risiti

Betri iliyofufuliwa ikifa, inaenda skrepa. Hapo bei ya chini inaweza kulipwa na mtu ambaye hakununua chochote.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu jirani na makazi yao kiliwaachia sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza vita hiyo, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015.

Tatizo halikuishia Mombasa. Ripoti ya UNICEF na Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana kiwango cha risasi kwenye damu cha kutia wasiwasi, na ikataja uchakataji holela wa betri za asidi kama chanzo kikubwa.

Hili lina pande mbili. Betri iliyofufuliwa vizuri ikaongezewa mwaka, inachelewesha kwenda kwenye tanuri. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini kibanda kinachofungua betri, kumwaga asidi mtaroni na kuacha vumbi la pleti mahali watoto wanapocheza, kinauza unafuu ambao majirani wanaulipia kwa afya.

Lini inalipa, lini hailipi

Inalipa kama matumizi ni mepesi, mfano taa za akiba za umeme ukikatika. Inalipa kama chombo kinauzwa karibuni, au mtu anahitaji kuvuka miezi michache akijipanga kwa mpya. Inalipa zaidi kama muuzaji anakubali vipimo na anaandika dhamana.

Hailipi kwa chombo kinachosafiri mbali usiku, kwa friji ya dawa, wala kwa biashara ambayo siku moja ya kulala inakula tofauti yote ya bei.

Dhamana ndiyo inayomaliza ubishi. Kwenye mfano wetu betri inatakiwa kufika karibu mwaka ili ilingane na mpya. Fundi anayeiamini kazi yake ataandika angalau miezi sita kwenye risiti yenye tarehe, namba ya simu na alama ya betri, na atapunguza bei kufidia miezi iliyobaki. Anayesema "ikisumbua nirudishie tu" bila karatasi, amebakiza hasara yote kwa mteja.

Dereva wetu wa alfajiri anaweza kuichukua ile betri. Ila kabla ya kutoa hela, aombe mita, na karatasi ya dhamana. Fundi akisita kwenye kimojawapo, kibanda cha pili hakiko mbali.