Kabla hujatoa franga za miwani ya mtoto

Leo tuanze na kosa letu sisi walimu. Mwaka jana tulikuwa na msichana mmoja wa darasa la tano, na kwenye buletini yake tuliandika mara mbili: "Hajitahidi." Kwa kuwa ni mrefu, tulimkalisha nyuma. Hesabu za ubaoni alizinakili vibaya, 8 akaandika 3, lakini ukimsomea hesabu ile ile kwa mdomo anajibu kabla ya wenzake. Tulidhani anacheza.

Mama yake anauza mchele kwa kopo hapa Kasongo. Ndiye aliyetufungua macho. Alisema mtoto akichambua mchele nyumbani haachi hata jiwe moja, lakini njiani anapishana na shangazi yake bila kumsalimia, na ukoo mzima umeanza kusema ana kiburi. Basi si uvivu wala kiburi. Mtoto anaona karibu, mbali haoni. Na mwaka unaofuata alikuwa anangojewa na ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi.

Tunaeleza jinsi familia hiyo ilivyonunua miwani mara tatu, kwa ruhusa ya mama mwenyewe, ili ninyi mnunue mara moja.

Miwani ya kwanza ilitoka kwa baba, ambaye yuko Salamabila kwenye machimbo. Aliposikia habari alikwenda kwa mchuuzi anayetembea na sanduku, akalipa franga 10,000, akaituma kwa pikipiki. Baba alifanya vizuri, hatumcheki. Lakini kwenye mkono wa miwani palikuwa na alama ndogo: +2.50. Wamama, ishikeni alama hiyo. Miwani yenye + inayouzwa sokoni tayari ni ya kusomea, ya watu waliofika miaka 40 na zaidi, wale wanaosukuma kitabu mbali ili waone herufi. Mtoto asiyeona mbali anahitaji vioo vyenye alama ya kutoa (−). Ukimvisha + nyingi, ubao unazidi kuwa ukungu. Mtoto alivaa siku 3, kichwa kikamuuma, akaificha chini ya godoro. Alipigwa kwa sababu ya kudharau pesa ya baba yake.

Ya pili ilitoka Bukavu. Mama alikwenda huko kwa matanga, akamchukua mtoto. Munganga wa macho akampima na kuandika karatasi, na duka moja, ambalo hatulitaji, likatengeneza miwani nzuri kweli: nyembamba, upande wa chini wa vioo hauna chuma, kioo kinashikwa na uzi wa nailoni. Siku ya kwanza darasani mtoto aliangalia nje ya dirisha muda mrefu. Tukamwacha aangalie. Baada ya miezi 2, kwenye mchezo wa mpira, uzi ukakatika na kioo kimoja kikapotea majanini. Na karatasi? Ilibaki dukani. Hapa hakuna aliyejua namba za macho ya mtoto. Kioo kimoja tu kilikuwa kimepotea, lakini ilibidi safari yote ianze upya.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kitu cha thamani kuliko miwani ni ile karatasi. Fremu ukiivunja, yaani ule mwili unaoshika vioo, utanunua nyingine. Vioo vikipasuka, duka litakata vingine. Bila karatasi hakuna linalowezekana. Karatasi ya munganga ina mistari miwili: OD ni jicho la kulia, OG ni jicho la kushoto. Kila mstari una namba yenye + au −, na wakati mwingine namba ya pili na digrii, kama jicho halikukaa mviringo sawasawa. Omba pia wakuandikie umbali kati ya mboni mbili, kwa milimita. Wengine hawauandiki mpaka uulize, na bila huo duka la mbali haliwezi kuweka vioo mahali pake. Kisha nakili yote kwenye kaye, piga picha kwa telefone, picha moja umtumie mtu wa familia aliye mji mwingine. Karatasi ya mtoto itumike kwa muda wa mwaka mmoja hivi, maana macho ya mtoto yanabadilika anapokua. Baada ya hapo apimwe tena.

Sasa fremu. Huku kwetu miwani ya kudumu ni ile inayoweza kutengenezwa huku huku. Kati ya Kasongo na Kabambare huwezi kukimbia kila wiki kwa fundi wa miwani. Lakini fundi wa telefone yupo, na fundi wa saa yupo, na wote wana turnevisi ndogo. Kwa hiyo tafuta fremu inayozunguka kioo chote, yenye bawaba za chuma na visi ya kawaida inayoonekana. Achana na zenye uzi, na zenye vioo vilivyotobolewa bila fremu. Bawaba zenye springi ni tamu usoni, ila springi ikifa fundi wetu hana la kufanya. Kwa mtoto, plastiki laini inayopinda na kurudi ni bora kuliko chuma chembamba. Na vioo vya mtoto viwe vya plastiki ngumu, si vya kioo chenyewe, maana kioo kikivunjika usoni kinaweza kuumiza jicho. Ubaya wa plastiki ni kuchubuka, basi uliza kama wanaweza kuipaka dawa ya kuzuia mikwaruzo.

Ndani ya mkono wa fremu nyingi pana namba tatu, kwa mfano 46-17-130: upana wa kioo, upana wa daraja la puani, urefu wa mkono, zote kwa milimita. Fremu ikimkaa mtoto vizuri, andika namba hizo nyuma ya karatasi. Mjomba aliye Bujumbura ataweza kununua nyingine bila kumwona mtoto. Pua za watoto wetu nyingi ni pana, na fremu yenye daraja jembamba inakaa juu, inateleza, mtoto anaisukuma siku nzima mpaka mikono yake inalegea.

Miwani ya tatu mama aliinunua kwa zamu yake ya likelemba, na hiyo ipo mpaka leo. Ni nzito kidogo, ni nyeusi, wenzake walimwita "mama direkta" wiki moja, wakachoka.

Tukiwa hapo, tumkumbuke mwalimu mwenzetu wa Ujerumani, Martin Aufmuth, aliyefundisha hesabu na fizikia. Mwaka 2012 alianzisha shirika linalotengeneza miwani kwa waya wa chuma cha springi, kwa mashine ndogo ya mkono isiyohitaji umeme, vitu vyake vikigharimu karibu dola 1. Kazi hiyo inafanyika Malawi na Burkina Faso, kati ya nchi nyingine. Na jirani zetu wa Rwanda, kati ya 2012 na 2017, walifundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima macho na kutoa miwani ya bei ndogo, ili mama asipande gari kwa sababu ya namba mbili za karatasi. Tunayasema haya ili wakubwa wa zoni zetu za afya wakiuliza wamama wanataka nini, tuwe na jibu mdomoni.

Nanyi wenyewe msijisahau. Mama wa miaka 45 anayeanza kuacha mawe kwenye mchele hajawa mzembe. Huko Assam, India, wachumaji wa chai wenye miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya karibu, na uchunguzi uliotoka 2018 ulionyesha walichuma zaidi ya wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa mama kama huyo, miwani ya sokoni yenye + inaweza kutosha, kama mbali anaona vizuri na macho yote mawili yako sawa. Nenda na mchele kidogo au sindano yako, shika kwa umbali wa kazi yako, anza na +1, na chukua namba ndogo kabisa inayokuonyesha vizuri. Lakini jicho jekundu linalouma, weupe kwenye mboni, au giza linaloingia taratibu, hiyo si kazi ya mchuuzi. Nenda kituo cha afya. Huku kwetu Maniema tuna pia upofu wa mtoni, ule unaoletwa na usubi, na kinga yake ni Mectizan ya kila mwaka, si miwani.

Kuhusu kutunza, machache. Usifute vioo vikavu kwa kikwembe, vumbi letu linachuna kama msasa. Osha kwa maji na sabuni kwanza. Mtoto avue kwa mikono miwili. Tone la verni ya kucha juu ya visi huizuia isilegee. Kamba nyuma ya shingo siku ya mpira. Na miwani ya bibi isipewe mjukuu, hata siku moja tu ya mtihani.

Jumamosi, baada ya mkutano, tutabandika ukutani karatasi yenye herufi E zilizogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto. Mtoto anasimama mita 6, anaziba jicho moja, anaonyesha kwa mkono E imeangalia wapi. Hata asiyejua kusoma anaweza. Haitoi namba za miwani, inatuonyesha tu nani apelekwe kwa munganga. Walete na wale tulioandika "hajitahidi".