TAHARIRI: MSHALE UKISHUKA, TREKTA ISIMAME



Wiki iliyopita trekta yetu ilikuwa shambani, mvua imeshaanza, kila mtu anangoja zamu yake. Mara dereva akaona mshale wa presha ya oili umelala karibu na sifuri. Akazima injini, akaja ofisini kutoa taarifa. Toka siku hiyo maneno ni mengi. Wengine wanasema dereva mvivu. Wengine wanasema geji ndiyo mbovu, tulime tu, mvua haingoji mtu. Sisi tunasema dereva alifanya sawasawa.

Oili katika injini ni kama damu mwilini. Pampu inaisukuma ipite kati ya vyuma visisagane. Presha ikikosekana, dakika chache tu krenki imekwisha. Filta na oili tunazimudu. Krenki hatuiwezi, hata tukiuza alizeti yote ya ghalani.

Lakini kusimamisha trekta peke yake siyo dawa. Lazima ugonjwa utafutwe kwa utaratibu, tukianza na lililo rahisi:

1. Trekta iwe mahali tambarare, injini imezimwa na kutulia, ndipo stiki ivutwe. Kama oili imepungua, tutafute inavujia wapi.

2. Oili inuswe. Ikiwa imezidi alama na inanuka dizeli, basi dizeli inaingia humo na kuifanya nyepesi. Huenda utando wa pampu ndogo ya dizeli umetoboka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

3. Filta iangaliwe. Vumbi la Dodoma tunalijua wote.

4. Fundi afunge geji nyingine anayoiamini, ubishi uishe. Massey Ferguson 135 kama hii yetu, yenye injini ya Perkins ya silinda 3, ikishapata moto na kuzunguka kwa kasi yake yote, inatakiwa ionyeshe kati ya paundi 30 na 60 kwa inchi ya mraba.

5. Geji ya pili nayo ikisema chini, hapo ndipo injini ifunguliwe: chujio la pampu, springi ya vali ya presha, pampu yenyewe, na mwisho beringi. Beringi zikilika, asubuhi presha huwa nzuri, injini ikipata moto inashuka, na ndani husikika kugonga.

Yupo aliyeshauri tutie oili nzito ili mshale upande. Jamani, huko ni kumpaka mgonjwa poda.

Tusisahau ya jirani zetu wa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta pale matrekta mengi, mengine yaliyochakaa, kwa mpango wao wa karanga. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama tofali, mchanga ukala vyuma, na mafundi na vipuri havikutosha. Mwaka 1951 mpango ulikufa. Ikiwa serikali yenye fedha ilishindwa, ubovu wa mashine ukiwa sababu mojawapo, sie wenye trekta moja tutapona wapi?

Na sisi viongozi tujisahihishe. Fedha za filta tuliziahirisha vikao viwili. Kosa hilo ni letu, siyo la dereva. Dereva akiadhibiwa kwa kusimama, kesho atauona mshale umeshuka na atanyamaza.

Kwa hiyo tunashauri kikao kijacho kipitishe haya: filta na oili zinunuliwe kabla ya posho yoyote, dereva aandike saa za kazi na presha katika daftari kila siku, na waliokosa zamu kwa siku hizi walimiwe kwanza trekta ikipona.

Wengi wetu tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima, tukijikunja kwenye madawati ya watoto. Tulisoma ili tusidanganywe. Basi na geji nayo tuisome, na ikisema simama, tusimame.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katibu