Mvua ya Komoro na Mito ya Peru

Ukiitandaza ramani ya dunia mezani, ukaufuata kwa kidole mstari wa digrii 12 kusini ya Ikweta, ukaanzia bahari yetu ya Hindi kuelekea machweo, utaondokea karibu na Moroni, mji mkuu wa Komoro, utalikata bara zima la Afrika, utavuka Atlantiki na nchi pana ya Brazili, na mwisho wake utatua takriban mlangoni pa Lima, mji mkuu wa Peru, ukingoni mwa Pasifiki. Miji hiyo miwili imetengana kwa theluthi ya mzingo wa dunia, hata mwadhini wa Moroni aitapo kwa sala ya adhuhuri, watu wa Lima wamo vitandani bado, saa kumi ya alfajiri. Lakini jua huipitia yote miwili kwa kimo kimoja, na urefu wa mchana na usiku wao haupishani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba joto na mvua ya nchi hufuata umbali wake na Ikweta, naye hakuongezewa neno, angekisia kuwa hewa yao ni moja. Hasha! Moroni hunyeshewa zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na Lima, katika miaka ya kawaida, haifikishi hata milimita 20, kiasi ambacho Moroni huweza kukipata kwa saa moja ya mwezi wa Januari.

Sababu ya tofauti hiyo imo baharini. Komoro imezungukwa na maji ya moto, na kaskazi inapovuma, tangu Novemba hata Aprili, upepo huja umesheheni mvuke, ukagonga mlima Karthala, ukapanda, ukapoa na kumwaga ulichokibeba. Peru imepewa bahari ya namna nyingine kabisa. Kandokando ya pwani yake hupita mkondo baridi utokao kusini, ule ambao Alexander von Humboldt aliupima joto lake mwaka 1802 na ambao leo unaitwa kwa jina lake. Na pepo za huko husukuma maji ya juu kuyatenga na nchi kavu, kwa hiyo maji ya vilindini, ambayo ni baridi zaidi, hupanda kushika nafasi. Hewa inayogusa bahari hiyo hupoa na kuwa nzito, ilhali ile ya juu yake ina joto, basi mvuke hukosa njia ya kupanda hata ukawa wingu la mvua. Upande wa mashariki nao umezibwa na milima ya Andes, inayoyazuia mawingu ya Amazon yasivuke. Vilindi hivyo hivyo, kwa vile vina chakula kingi, huwalisha dagaa wasio na idadi, na wavuvi wa Peru huvua katika mwaka mmoja mwema tani kwa mamilioni. Neema na taksiri zimetoka katika bahari moja.

Msomaji asidhani kuwa Lima ni jangwa la jua kali kama Sahara. Tangu Juni hata Oktoba mji hufunikwa na wingu la kijivu lililoinama chini, ambalo wenyeji hulifananisha na tumbo la punda, na chini yake hushuka rasharasha nyembamba wanayoiita garúa: hulowesha kope za macho na vioo vya magari, huifanya njia iteleze, na nguo iliyoanikwa asubuhi hukutwa mbichi jioni, lakini haitiririshi hata mchirizi mmoja ukutani. Nyumba nyingi zina paa la sakafu tambarare lisilo na mlizamu, kwani mlizamu hauna kazi. Kaskazini yake, karibu na Trujillo, mji wa kale wa Chan Chan uliojengwa kwa matofali ya udongo usiochomwa umesimama karne kadhaa, na kila mtu wa pwani yetu aliyewahi kuona ukuta wa udongo ukibomoka kwa masika mbili atalipima mwenyewe jambo hilo.

Hadi hapa mtu angeweza kutoa hukumu ya haraka kwamba Komoro ni nchi ya maji na Peru ya pwani ni nchi ya kiu. Nami naandika makala hii kwa ajili ya kuipinga hukumu hiyo, kwa kuwa ndiyo tunayoitoa sisi sote, serikali zetu na magazeti yetu, kila tunapohesabu mvua tukadhani tumehesabu maji. Kisiwa cha Ngazija, kilicho kikubwa kuliko vyote vya Komoro, hakina hata mto mmoja utiririkao mwaka mzima. Kimeumbwa kwa mawe ya volkano, hasa ya Karthala, mlima hai wenye urefu wa mita 2,361, na mawe hayo yana vitundu na nyufa kiasi hiki kwamba mvua iliyoshuka huzama papo hapo, ikateremka gizani hadi usawa wa bahari, ikachanganyika na chumvi, hata visima vingi vya pwani hutoa maji ya magadi. Kisiwa hicho hupokea rehema kwa tenga. Lima nayo, isiyonyeshewa, ina mito mitatu, Rímac, Chillón na Lurín, itokayo katika milima inayopita mita 5,000, na hiyo ni mitatu tu kati ya makumi ya mito mifupi ishukayo kutoka Andes kuikata nchi kame, ikazaa kando yake mabonde ya pamba na miwa.

Kinachonishangaza zaidi si mito yenyewe, maana mito ni majaliwa, bali ni kazi ya mikono ya watu walioishi juu yake. Katika kijiji cha Huamantanga, kwenye nyanda za juu za mto Chillón, kuna mifereji ya mawe ambayo asili yake ni kabla ya dola ya Wainka, nayo huitwa amuna. Wakati wa mvua, maji ya vijito huelekezwa kwa mifereji hiyo, wala si mashambani, bali penye miamba yenye nyufa, yaachwe yazame kwa makusudi. Kisha, kiangazi kikiingia, hububujika katika chemchemi zilizoko chini, pale mkulima anapoyahitaji. Wataalamu waliotia rangi katika maji hayo na kuyafuatia, wakachapisha matokeo mwaka 2019, waliona kuwa hukaa chini ya ardhi tangu wiki 2 hata miezi 8, kwa wastani wa siku 45. Jabali la Huamantanga linanyonya maji kama linavyonyonya jabali la Ngazija, ila la kwanza lina mahali pa kuyarudisha, na watu wake walipajua.

Kwa insafu, Lima si ya kuhusudiwa. Mji una watu kama milioni 10, mito yake haitoshi, na tangu karne iliyopita maji mengine huvutwa kwa mahandaki kutoka upande wa pili wa Andes, maji ambayo yangeachwa yangeishia Atlantiki. Maskini waliojenga vilimani hungoja gari la maji, wakajaza mapipa mbele ya nyumba, nao hulipa kwa lita moja bei inayozidi ile ya tajiri mwenye mfereji ndani. Wengine wametundika nyavu juu ya vilima ili ukungu unase na kudondoka. Na ile barafu ya milimani inapungua mwaka hata mwaka. Halafu huja El Niño, jina walilolitoa wavuvi wa huko kwa maji ya moto yafikayo karibu na Krismasi: mkondo baridi hudhoofika, na nchi isiyojua mvua hugharikishwa, kama ilivyokuwa kaskazini mwa Peru mwaka 1998 na tena mwaka 2017. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kuelezwa, maana mafuriko ya 1997 na 1998 tumeyabandika jina hilo hilo.

Kwa Komoro, basi, kuiga amuna kungekuwa upuuzi katika Ngazija, kwani jabali lake halirudishi amana. Huko chombo ni paa, mlizamu na birika, navyo wenyeji wanavijua tangu zamani. Kinachokosekana ni kuvihesabu kuwa kazi ya umma kama barabara inavyohesabiwa. Kisiwa cha Nzwani, nacho cha Komoro, kina habari nyingine: pale mito ipo, lakini mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka, baada ya miteremko kukatwa miti, na pale fedha ya maji yafaa iende msituni kabla ya kwenda kwenye mabomba. Pwani yetu nasi hatuna la kujivunia, maana nyumba mpya za ghorofa huinuliwa kila siku na mvua ya masika huachiwa njiani, kisha mwenye nyumba hununua maji kwa mikokoteni.

Watakaopinga watasema kuwa birika ni chombo dhaifu, na ushahidi wanao: mwaka 2005 Karthala iliporipuka, majivu yake yaliangukia mabirika ya Ngazija, na watu wengi wakakosa maji ya kunywa ilhali mabirika yamejaa. Hoja hiyo naikubali, na jawabu lake ni mfuniko, pamoja na visima virefu vya akiba vilivyochimbwa mbali na chumvi. Na gharama ya vyote viwili iandikwe katika bajeti ya birika tangu siku linapochorwa.