Tusimlilie Sánchez kwa neno 'lau'

Kila panapozungumzwa habari za ndondi hapakosi mtu wa kumtaja Salvador Sánchez wa Meksiko, na akishamtaja hakosi kuongeza: "Lau angeishi!" Lau angeishi angechukua mataji matatu, lau angeishi angewapiga fulani na fulani. Mimi naona neno hili linampunguzia marehemu haki yake, na sisi tunaolisema linatudhuru. Tangu chuoni tulifunzwa kuwa 'lau' humfungulia shetani mlango.

Natuyatazame kwanza yale aliyoyafanya. Sánchez alizaliwa tarehe 26 Januari 1959 katika mji wa Santiago Tianguistenco, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kupigana kwa malipo. Mwaka 1977 alishindwa kwa pointi na Antonio Becerra walipogombea ubingwa wa nchi yao. Hiyo ndiyo mara ya pekee aliyoshindwa katika mapigano 46. Alishinda 44 na moja likawa sare.

Tarehe 2 Februari 1980, siku saba tu baada ya kutimiza miaka 21, alikutana na Mmarekani Danny Lopez mjini Phoenix kugombea ubingwa wa dunia wa WBC, uzani wa unyoya, yaani ratili 126. Lopez alikuwa mtu wa ngumi nzito, na kijana huyu hakuwa na jina kubwa nje ya kwao. Sánchez hakuwa na pupa. Alimwacha bingwa amjie, na kila Lopez alipokosea naye akampata. Katika raundi ya 13 refa aliona yatosha.

Mwaka uliofuata, tarehe 21 Agosti 1981, alikuja Wilfredo Gómez wa Puerto Rico, bingwa wa uzani wa chini yake. Gómez alikuwa amepigana mara 33: sare moja, na 32 waliobaki wote aliwamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Wengi walimpa yeye ushindi. Raundi ya kwanza haijesha, Gómez alikuwa chini sakafuni, na katika raundi ya 8 mambo yakawa yamekwisha.

Kisha akaja ndugu yetu Mwafrika. Tarehe 21 Julai 1982, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Azumah Nelson wa Ghana alipanda ulingoni kushika nafasi ya mpinzani aliyeumia. Aliitwa ghafla, na Marekani hawakumjua. Hata hivyo alimsumbua bingwa vibaya sana. Aliangushwa raundi ya 7, akainuka, akaendelea kupigana mpaka raundi ya 15, ndipo Sánchez alipomshinda. Huko ndiko kulikuwa kulitetea taji lake kwa mara ya tisa.

Siku 22 baadaye, alfajiri ya tarehe 12 Agosti, gari la Sánchez liligongana na lori katika barabara ya Querétaro, naye akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 23, na alikuwa katika mazoezi ya pigano jingine.

Najua wako watakaosema: huu ni mchezo wa kupigana usoni, na uso umekatazwa kupigwa, kuna nini humo cha kujifunza? Hoja hiyo siipingi. Lakini hikima ni kitu kilichompotea Muumini, na popote akionapo hukiokota.

Kiswahili chetu kina neno 'ajali', nalo lina maana mbili. Iko ajali ya barabarani, na hiyo yatupasa kujikinga nayo, kwani ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akatawakali. Na iko ajali iliyoandikwa, ambayo haisogei mbele wala nyuma. Mwenye kusema 'lau' huichanganya ile ya pili na ile ya kwanza, akadhani kuwa Sánchez alikatiwa nusu ya umri wake. Hakukatiwa kitu. Alipewa miaka miwili na nusu ya ubingwa, na katika muda huo hakuna aliyempokonya taji.

Tena mtazameni Azumah. Ikiwa yuko aliyekuwa na haki ya kusema 'lau', ni yeye. Lau ningepewa muda wa kujitayarisha! Lau bingwa asingekufa ningerudiana naye! Lakini alirudi kazini. Tarehe 8 Desemba 1984, huko San Juan, nyumbani kwa Gómez, alimwangusha Gómez huyo huyo katika raundi ya 11, akalitwaa taji lile lile lililokuwa la Sánchez.

Kwenye baraza zetu vijana hukaa kutwa na 'lau' zao: lau ningesoma, lau ningekuwa na mtaji, lau baba angekuwa hai. Na sisi wazee tunazo zetu, tena nyingi zaidi. Kijana wa Santiago Tianguistenco alipewa miaka 23 akaitumia. Sisi tuliopewa zaidi ya hiyo tumefanya nini? Hilo ndilo swali la kujiuliza anapotajwa Sánchez.